Shylock ni mkatili au mdhulumiwa? Kwa mwanafunzi aliyepata 7 kati ya 20

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita Sengerema, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Tulipewa insha juu ya Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere: "Shylock ni mkatili au mdhulumiwa? Jadili kwa hoja tano." Niliandika kurasa nne nikapata 7 kati ya 20, na pembeni mwalimu ameandika: "Umeorodhesha, hujachambua." Aya yangu ya kwanza ilikuwa hivi: "Shylock ni mkatili kwani anataka kumkata Antonio nyama. Pia anapenda fedha, kwani alilia fedha zake kuliko binti yake. Hii inatufundisha tuwe na huruma kama Portia." Kwingine nilimfananisha na wakopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa, wa Mwaloni. Nimekosea wapi, na kuchambua ni kufanya nini hasa? Tunarudia insha wiki ijayo.

JIBU

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako hakukuonea. Kila sentensi uliyoandika ina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayomwambia msahihishaji umeutoa wapi ukweli huo. Ukisema "Shylock ni mkatili" umetoa dai tu. Kuchambua ni kuonyesha ukatili huo ulianza lini, nani alikuwa anasema, nani alikuwa anasikiliza, na ni wapi mhusika huyohuyo alifanya jambo linalopingana na sifa uliyompa. Tamthiliya haina msimulizi wa kukunong'oneza kwamba huyu mwema, yule mbaya. Ina watu wanaosema, na kila mmoja anavutia kwake. Kisa chenyewe kwa ufupi: Antonio, mfanyabiashara wa Venisi, anakopa kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, ili amsaidie rafiki yake Bassanio, kwa sharti kwamba akishindwa kulipa atakatwa ratili ya nyama ya mwili wake. Bassanio anamwoa Portia, naye Portia anakuja mahakamani akijifanya mwanasheria kumwokoa Antonio. Jessica ni binti ya Shylock, anayetoroka na mpenzi wake Lorenzo.

Tuanze na sentensi yako ya pili, maana ndiyo iliyokugharimu zaidi. Kilio cha "binti yangu, fedha zangu" kipo sehemu ya pili, onyesho la nane. Fungua kitabu uangalie nani anakisema. Si Shylock, kwani hayupo jukwaani. Anayesema ni Solanio, akimwigiza Shylock huku yeye na Salerio, wote rafiki zake Antonio, wakicheka. Hayo ni maneno ya kusimuliwa, tena na msimulizi anayemdharau anayemsimulia. Unaweza kuyatumia kuthibitisha jinsi Wavenisi walivyomkejeli, lakini huwezi kuyatumia kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwake.

Ukitaka ushahidi kutoka mdomoni mwake mwenyewe, nenda sehemu ya tatu, onyesho la kwanza, anapozungumza na Tubal, Myahudi mwenzake. Hapo anatamani binti yake angekuwa maiti miguuni pake, mradi vito viwe masikioni mwake. Ni maneno mazito kuliko yale uliyonukuu, na ni yake kweli. Ila usifunge kitabu hapo. Mistari michache mbele Tubal anamwambia kwamba mmoja wa wadai wa Antonio aliokuja nao Venisi amemwonyesha pete aliyoipata kwa Jessica kwa kubadilishana na nyani. Shylock anajibu kwamba ile ilikuwa feruzi yake, alipewa na Leah, anayeaminika kuwa mkewe, kabla hajaoa, na asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Huyu ndiye "mpenda fedha" wako, na hapa ana kitu ambacho hakipimi kwa bei.

Kisha nenda mahakamani, sehemu ya nne. Deni ni dukati (sarafu za Venisi) 3,000. Bassanio anaweka mezani 6,000. Shylock anasema hata kama kila dukati katika hizo 6,000 ingegawanywa mara sita, na kila kipande kikawa dukati kamili, asingezipokea. Piga hesabu: ni 36,000. Mtu anayekataa mara kumi na mbili ya anachodai, uroho wa fedha hautoshi tena kumweleza. Tukianza, sifa uliyompa inamkaa. Tukifika sehemu ya nne imeshamvuka, na kisasi kimekaa mahali pake. Hapo ndipo unapata haki ya kumwita mhusika duara. Wanafunzi wengi huandika "Shylock ni mhusika duara kwa sababu ana sifa nyingi." Hapana. Bapa, yule asiyebadilika, naye aweza kuwa na sifa kumi. Duara ni yule anayebadilika, nawe ukaweza kuonyesha kwa kidole mahali alipobadilikia.

Kazi ya kuyapata haya si kubwa kama unavyodhani. Tamthiliya nzima ina maonyesho 20, na Shylock anatokea katika matano tu: 1:3, 2:5, 3:1, 3:3 na 4:1. (Namba ya kwanza ni sehemu, ya pili ni onyesho. Andika hivyo hata kwenye insha, inaokoa wino.) Maonyesho matano unayasoma jioni moja. Chukua daftari, fungua kurasa mbili zinazotazamana, chora safu tano: mahali, maneno yake, anamwambia nani, anatenda nini, na je, nimwamini? Kwenye maneno yake nakili kama yalivyo kitabuni, maneno sita hadi kumi, yasizidi. Nukuu ya mistari minane inamwambia msahihishaji kwamba unajaza ukurasa.

Safu ya mwisho ndiyo wengi huiacha wazi, na ndiyo yenye alama. Angalia 1:3. Shylock anasema peke yake, wengine hawasikii, kwamba anamchukia Antonio kwa kuwa ni Mkristo, na zaidi kwa kuwa anakopesha bure na hivyo kushusha riba mjini. Dakika chache baadaye anamwambia Antonio usoni kwamba anataka urafiki, na kwamba sharti la ratili ya nyama ni mzaha tu. Kauli mbili, wasikilizaji wawili tofauti. Mhusika anaposema bila kusikiwa na yeyote, kwa kawaida ndipo anaposema la kweli. Anaposema mbele ya anayemtegea, pima.

Lakini usiruke moja kwa moja kusema alipanga mauaji tangu mwanzo. Siku ile hati inatiwa sahihi, meli za Antonio ziko salama baharini. Mkopo ni wa miezi mitatu, naye Antonio anatarajia mali irudi ndani ya miwili. Shylock hakuwa na njia ya kujua kwamba meli zitapotea. Chuki ilikuwapo, nia ya kumnasa siku moja ilikuwapo, ila nafasi ilikuja yenyewe. Kati ya siku ya hati na siku ya mahakama kuna Jessica kutoroka na Lorenzo na sanduku la mali. Ukiandika hivyo, kwa mpangilio wa wakati, tayari unachambua.

Hapohapo 1:3 ndipo upande wa pili wa swali lako ulipo, na hukuugusa. Shylock anamkumbusha Antonio kwamba amemwita mbwa, amemtemea mate, amempiga teke. Msikilize Antonio anavyojibu. Haombi radhi, wala hakanushi. Anasema huenda akamwita hivyo tena, akamtemea tena, na kwamba amkopeshe kama anavyomkopesha adui. Antonio huyu ndiye wanafunzi wengi humwandika "mwema, mkarimu, rafiki wa kweli." Kwa Bassanio ni hivyo kabisa. Kwa Shylock si hivyo. Sifa ya mhusika ina mtu inayemwelekea, kwa hiyo kila ukiandika sifa jiulize: kwa nani?

Hotuba maarufu ya 3:1, ile ya kuuliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, akichomwa hatoki damu, ina mtego wake. Wanaomtetea Shylock hunukuu nusu ya kwanza na kuishia hapo, na insha inageuka mahubiri ya usawa. Nusu ya pili inasema: mkitukosea, tusilipize? Na anamaliza kwa kusema ubaya mliomfundisha ataufanya, tena atauzidisha. Hoja nzuri ya ubinadamu inatumika kuhalalisha kisu. Nukuu zote mbili, moja kutoka kila nusu, ndipo utaona swali lako la "mkatili au mdhulumiwa" linajijibu lenyewe kwa msimamo ulio imara kuliko kuchagua upande mmoja: Shylock ni mdhulumiwa aliyejifunza ukatili kwa waliomdhulumu, akaamua kuwazidi. Huo uwe mstari wa mwisho wa utangulizi wako. Hoja zote tano zirudi kwake.

2:5 hailipi sana. Utapata mwanamume anayefunga milango, asiyetaka binti yake asikie hata ngoma za mtaani. Tumia sentensi moja kueleza kwa nini Jessica aliondoka, upite. 3:3 nayo ni fupi, lakini ndani yake Antonio anakiri kwamba Mtawala hawezi kuizuia sheria, kwa kuwa biashara ya Venisi inategemea wageni kuamini sheria za mji. Weka alama hapo, utaihitaji.

Sasa sentensi yako ya tatu, ya huruma. Kosa hapa ni la aina nyingine. Umechukua hotuba ya Portia, ukaifanya dhamira ya mwandishi. Dhamira haichumwi mdomoni mwa mhusika, hata awe anasema maneno matamu kiasi gani. Chukua kauli, halafu fuatilia kitakachotokea baada yake. Portia anasema huruma hailazimishwi, hunyesha kama mvua, hubariki anayetoa na anayepokea. Kisha anashinda kesi. Shylock anapokea nini? Mtawala anamwachia uhai. Nusu ya mali inakwenda mikononi mwa Antonio, aitunze kwa ajili ya Lorenzo, yuleyule aliyemtorosha binti. Kuhusu nusu ya serikali anaambiwa huenda ikapunguzwa iwe faini. Atakachoacha akifa kitakuwa cha Lorenzo na Jessica. Na lazima abatizwe. Anatoka akisema hajisikii vizuri, na hatumwoni tena.

Hiyo ni huruma? Hapa tenganisha wasomaji wawili, usiwachanganye kwenye sentensi moja. Tamthiliya iliandikwa kati ya 1596 na 1598, ikachapwa 1600. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290 na hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka ya 1650, kwa hiyo wengi waliokuwa wakiitazama London hawakuwahi kuishi jirani na Myahudi. Kwa mtazamaji wa namna hiyo, kumbatiza Shylock kungeweza kuonekana ni kumwokoa roho. Msomaji wa leo anaona mtu anavuliwa dini yake kwa amri ya mahakama. Andika: "kwa mtazamaji wa wakati ule… ilhali kwa msomaji wa leo…" Usiandike kwamba mwandishi "alitaka kutufundisha." Hatujui alitaka nini, tunajua alichoandika.

Na katika onyesho hilohilo kuna mistari ambayo karibu kila insha huipita. Shylock anawaambia Wavenisi: ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumia kama punda na mbwa wenu. Nikiwaambia muwaachie huru na muwaoze watoto wenu, mtanijibu ni mali yenu. Basi nami nyama hii nimeinunua. Tazama nani anamjibu. Hakuna. Mtawala anahamia jambo lingine. Ukimya wa wahusika nao ni ushahidi, na hapa unathibitisha unafiki wa jamii inayodai huruma kwa mtu mmoja huku ikimiliki wengine. Hoja hii peke yake inaweza kukupa alama nyingi kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Dhamira inayoshika tamthiliya yote, kwa maoni yangu, si huruma. Ni hati na kiapo: tufuate maandishi au tufuate maana? Hesabu mikataba. Upo wa ratili ya nyama. Upo wosia wa baba yake Portia, kwamba ataolewa na atakayechagua sanduku sahihi kati ya la dhahabu, la fedha na la risasi. Zipo pete ambazo Bassanio na rafiki yake Gratiano waliapa hawatazivua, wakazivua. Mahakamani Portia anamwomba Shylock awe na tabibu karibu ili Antonio asife kwa kutoka damu. Shylock anauliza: imeandikwa kwenye hati? Haikuandikwa, basi haoni haja. Baada ya hapo Portia anatumia kanuni hiyohiyo: hati imesema nyama, damu haikuandikwa. Tena iwe ratili moja kamili, isizidi wala isipungue hata unywele. Ratili ni chini kidogo ya nusu kilo. Muulize muuza nyama yeyote wa Buhongwa kama anaweza kukata nusu kasoro kwa kisu kimoja bila kuongeza wala kupunguza. Shylock alikuja na mizani, akajinasa mwenyewe. Hicho ndicho kinaya, nawe ukieleze kwa kuunganisha swali lake na hukumu ya Portia, usiishie kuandika "kuna kinaya" halafu ukakimbia.

Kuhusu kausha damu. Jina linavutia, kwa sababu ya damu, na naona lilivyokuponza. Lakini mikopo ile inaumiza kwa riba, na mkopo wa Antonio hauna riba hata senti. Shylock anasema wazi hatachukua faida. Kwa hiyo ulinganisho wako unavunjika palepale unapotaka ushike. Kuna ulinganisho mwingine unaosimama. Mwenye mtumbwi wa dagaa anakopa wakati wa mbalamwezi, taa zimezimwa na wavuvi wamepumzika, akihesabu kwamba giza likirudi atavua na kulipa. Anatia sahihi masharti ya kushindwa bila kuyasoma, kwa kuwa haamini atashindwa. Antonio alifanya hivyo hasa: meli zinarudi mwezi mmoja kabla ya siku ya kulipa, hofu ya nini? Andika mistari mitatu ya hilo, mwishoni mwa hoja ya hati, halafu urudi Venisi. Mfano wa kwetu ukizidi mistari minne, insha inakuwa ya Ziwa Victoria.

Neno juu ya jina la kitabu, kwa kuwa wachache hulitumia. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina la Kiingereza linataja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Nyerere ameandika mabepari, wingi. "Bepari" ni neno lililokuja na biashara ya Wahindi, na asili yake ni mfanyabiashara tu, lakini kufikia 1969 lilikuwa limeshabeba uzito mwingine. Basi mabepari ni kina nani? Anayekopesha kwa riba, mwenye meli, na pengine hata Bassanio anayekwenda Belmont kwa Portia kuoa mali alipe madeni. Huo ni mtazamo wa mtafsiri, kwa hiyo uandike kama wa mtafsiri. Usimbambikie Shakespeare Azimio la Arusha.

Aya yako ya kwanza sasa ingeweza kuwa hivi: "Ukatili wa Shylock unatanguliwa na ukatili aliotendewa. Katika 1:3 anamkumbusha Antonio kwamba alimwita mbwa na kumtemea mate, naye Antonio, badala ya kukanusha, anasema huenda akarudia. Hivyo hati ya nyama inaandikwa kati ya watu wawili wanaochukiana, si kati ya katili na mwema. Hata hivyo Shylock tayari alikuwa ameungama, bila kusikiwa, kwamba anamchukia Antonio pia kwa kushusha riba. Dhuluma aliyotendewa haiondoi maslahi yake mwenyewe." Sentensi tano. Ya kwanza inadai, ya pili inathibitisha, ya tatu inafafanua, ya nne inaipinga kidogo hoja yenyewe, ya tano inafunga. Hiyo ya nne ndiyo iliyokosekana katika kurasa zako zote.

Kama insha ni ya dakika 45, tumia 10 kupanga ukiwa na lile jedwali kichwani, 30 kuandika, yaani kama dakika tano kwa kila hoja na zilizobaki kwa utangulizi na hitimisho, kisha 5 kuhakiki namba za maonyesho. Zipange hivi: dhuluma ya 1:3, mabadiliko ya 3:1, kukataa fedha 4:1, watumwa na ukimya 4:1, halafu hati iliyomgeukia. Ukibakiwa na nafasi, tafuta swali la kwanza kabisa Portia analouliza juu ya washitakiwa na wadai anapoingia mahakamani akiwa amevaa kama mwanasheria: yupi hapa ni mfanyabiashara, na yupi ni Myahudi? Linakaa vizuri kwenye utangulizi, pamoja na lile neno mabepari. Linakili kutoka kitabuni kama Nyerere alivyoliandika, usitumie maneno yangu.